Kupanga madirisha yenye upana tofauti kwa nafasi sawa: AutoCAD na Revit

Chukua ukuta wa mbele wa nyumba ya kawaida ya Nkuhungu au Ilazo, Dodoma, urefu wa milimita 10,800 kona hadi kona kwa nje. Una madirisha matatu: la sebule 1800, la chumba 1500, la choo 600. Wachoraji wengi hugawa ukuta kwa 4 na kuweka katikati ya kila dirisha kwenye 2700, 5400 na 8100. Vipande vya ukuta vinavyobaki vinakuwa 1800, 1050, 1650 na 2400, na mteja anaona moja kwa moja kwamba mbele imekaa upande. Mtu akitazama nyumba haoni katikati ya dirisha, anaona kipande cha ukuta kilichobaki. Hicho ndicho cha kusawazisha.

Hesabu yake: toa jumla ya upana wa madirisha (3900) kwenye urefu wa ukuta, zinabaki 6900. Madirisha matatu yana nafasi nne, kwa hiyo kila nafasi ni 1725. Kama vitu vya mwisho vinakaa kwenye kona zenyewe, mfano nguzo za baraza, nafasi ni pungufu kwa moja: nguzo nne, nafasi tatu.

Kwenye AutoCAD, programu ya kuchora ramani, hata kikokotoo hukihitaji.

1. Andika UNITS, hakikisha unafanya kazi kwa milimita. Chora mstari wa uso wa nje wa ukuta, 10,800.

2. Bandika madirisha yote kuanzia kona ya kushoto, yakigusana kama matofali bila mota. Tumia MOVE, ukishika kona ya dirisha kwa Endpoint (kinachonasa ncha ya mstari). Hapa bloku (mchoro wa dirisha uliohifadhiwa kama kitu kimoja) ambayo sehemu yake ya kushikia iko katikati huwasumbua watu. Usiifuate hiyo, shika ukingo wa dirisha.

3. Chora mstari mpya kutoka ukingo wa kulia wa dirisha la tatu hadi mwisho wa ukuta. Upime kwa DIST, usome 6900. Ukisoma namba nyingine, kuna madirisha yaliyopandana au yaliyoachana. Rudi hatua ya 2.

4. Andika DIVIDE, chagua mstari huo mpya, jibu 4. Utapata pointi tatu. Kama huzioni, zipo: umbo lake la kawaida ni nukta inayomezwa na mstari. Andika PTYPE, chagua alama ya msalaba.

5. Kwenye OSNAP, mipangilio ya kunasa sehemu za mchoro, washa Node (inayonasa pointi) na uzime Nearest. Nearest ikibaki imewashwa itashika popote kwenye mstari, na kosa la milimita 3 halionekani kwenye skrini.

6. Sasa hamisha. Dirisha la tatu: MOVE, anzia mwanzo wa mstari mpya, malizia pointi ya tatu. La pili: anzia palepale, malizia pointi ya pili. La kwanza, pointi ya kwanza. Kila dirisha limesogea kwa nafasi zilizo kushoto kwake, na zote nne zinasoma 1725.

Kosa linalojirudia ni kutumia DIVIDE kwenye mstari wa ukuta mzima badala ya ule wa mabaki. Hapo umerudi kwenye 2700.

Revit, programu ya kuchora jengo kama modeli, ina EQ, alama ya kusawazisha vipimo, na wengi huikimbilia. Lakini EQ husawazisha kila kipande kilichomo kwenye mfululizo wa vipimo. Ukipima katikati hadi katikati unapata tatizo lilelile la mwanzo. Ukipima kingo, inataka na madirisha yenyewe yalingane upana, kisha inakataa. Dawa ni kupima kila nafasi kwa kipimo chake peke yake, ukibonyeza Tab hadi ukingo wa dirisha ushikike. Kwenye Manage fungua Global Parameters, tengeneza moja ya aina ya Length, iite Nafasi, na kwenye fomula andika (10800 mm - 3900 mm) / 4. Kisha chagua kipimo cha kwanza, nenda Label, mpe Nafasi. Dirisha litasogea lenyewe. Fanya hivyo kwa nafasi tatu tu. Ya nne iache bila kufungwa, kwa sababu ndiyo mlinzi wako: mtu akibadilisha dirisha la 1500 kuwa la 1800, nafasi hiyo itasoma 1425 na utajua fomula haijarekebishwa.

Mpaka hapa programu imeridhika. Fundi mwashi bado.

Tofali la inchi 6 lina urefu wa milimita 450, na mota 10, kwa hiyo anaenda kwa 460, au 230 akitumia nusu. Kipande cha ukuta kati ya madirisha mawili kinamkalia vizuri kikiwa 1600 (matofali matatu na nusu) au 1830 (manne). 1725 inamlazimisha akate robo kila kozi (mstari wa matofali), na robo hizo nyingi huvunjika. Kwa jengo la tofali ningeacha usawa kamili: nafasi mbili za kati 1600, za pembeni 1850 kila moja. Milimita 20 zinazozidi pembeni zinamezwa na mota, na mbele bado inaonekana imetulia. Kama kiwanja kinaruhusu, punguza ukuta uwe 10,760 na pembeni zitakuwa 1830 kamili. Kipande kinene cha kona kina faida nyingine: Dodoma iko kwenye Bonde la Ufa, mitetemo ya ardhi hutokea, na dirisha lililobanwa konani hudhoofisha kona. Mimi sishuki chini ya 600.

Angalia pia kuta za ndani. Ukuta unaotenganisha sebule na chumba lazima uangukie ndani ya nafasi, si kwenye kioo. Usipoangukia, sogeza ukuta wa ndani kabla hujagusa madirisha.

Kwenye karatasi ya saiti usimwandikie fundi nafasi peke yake. Mpe vipimo vyote kutoka kona moja ya kushoto: tundu la kwanza 1850 hadi 3650, la pili 5250 hadi 6750, la tatu 8350 hadi 8950. Akipima nafasi moja baada ya nyingine, makosa madogo ya futi kamba yanajumlishana, na dirisha la choo ndilo linalobeba yote.