Kwa baiskeli mashambani mwa Ireland: njia za kuanzia, na mbili za Mayo ambazo usizikose

Kwenye barabara ndogo za mashambani huku Ireland, dereva anayekuja mbele yako hukusalimu kwa kidole. Mikono haiachi usukani, kidole cha shahada tu ndicho kinachoinuka kidogo, kisha kinashuka, na gari limeshapita. Mara ya kwanza nilidhani ananionya kuhusu kitu kilichoko nyuma yangu, nikageuka kutazama. Ilikuwa salamu tu. Siku hizi najibu vivyo hivyo, na kidole hicho kimenipunguzia ugeni kuliko vikao vingi nilivyoalikwa.

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunaijua Ireland ya kituo cha basi, wodi, ghala na foleni ya kutafuta nyumba ya kupanga. Zamu zikiisha tunalala. Unaweza kumaliza miaka mitano Dublin na usijue kwamba saa moja kutoka mjini kuna kaburi lililojengwa kabla ya piramidi za Giza, au kwamba magharibi kuna reli iliyowasafirisha watoto wa maskini kwenda kutafuta kazi ugenini, kama tulivyosafiri sisi. Nimeandika haya kwa ajili ya mtu huyo aliyechoka, mwenye siku mbili za mapumziko na baiskeli, au anayefikiria kununua.

Kupata baiskeli bila kuumia mfukoni

Ukiwa umeajiriwa, muulize mwajiri wako kuhusu mpango wa Cycle to Work kabla hujaenda dukani. Mwajiri anainunua baiskeli, kisha anakukata kidogo kidogo kwenye mshahara kabla ya kodi, kwa muda usiozidi miezi 12. Kikomo ni euro 1,250 kwa baiskeli ya kawaida na 1,500 kwa ile ya umeme, na unaruhusiwa kuutumia mara moja kila miaka 4. Helmeti, taa, kufuli na pampu vinaweza kuingia humo humo. Anayelipa kodi ya kiwango cha juu huishia kuokoa karibu nusu ya bei. Sharti ni kwamba uitumie hasa kwa safari za kikazi, na hilo ni jambo zuri hata hivyo, maana miguu inayokanyaga pedali kila asubuhi haitakulaumu siku ya Jumamosi.

Usidanganywe na baiskeli nyembamba za mashindano. Barabara za vijijini zina mashimo, changarawe, na nyingine zimeota majani katikati. Tairi za upana wa milimita 32 au zaidi, breki nzuri na gia nyepesi za kupandia mlima ndivyo vitu vya kulipia. Beba tyubu ya akiba, vijiti vya kutolea tairi na pampu, na ujifunze kuziba pancha ukiwa nyumbani, kwa sababu huko uendako hakuna fundi chini ya mwembe.

Sheria chache za kuweka kichwani. Unapita kushoto, kama Kenya, Tanzania na Uganda. Ndugu zangu wa Kongo, Rwanda na Burundi, ninyi mliozoea kulia, kuweni waangalifu hasa asubuhi mnapotoka getini barabara ikiwa tupu, maana hapo ndipo mwili unaporudia mazoea. Barabara zenye herufi M ni marufuku kwa baiskeli. Za N ni kuu na magari yanakimbia. Za R ni za kati. Za L ni vijia vya vijijini, na hizo ndizo starehe yenyewe, ila zimezungukwa na ua mrefu wa miti na kona hazionyeshi kitu. Chukulia kwamba nyuma ya kila kona kuna trekta. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima kisheria giza likiingia. Helmeti sheria hailazimishi. Mimi nakulazimisha.

Ya kuanzia: Drogheda na bonde la Boyne

Anayeishi Dublin aanzie hapa. Treni inakufikisha Drogheda chini ya saa moja, na kutoka mjini kuna njia ya baiskeli inayofuata mto Boyne hadi Oldbridge. Kwenye mashamba hayo ndipo Mfalme James wa Pili, Mkatoliki, na William wa Tatu, Mprotestanti, walipopigania taji mwaka 1690. Ushindi wa William bado unasherehekewa na Waprotestanti wa Ireland ya Kaskazini kila tarehe 12 Julai, kwa hiyo ukisikia ngoma na maandamano huko juu, chanzo chake ni majani haya unayokanyaga.

Mbele kidogo kuna kituo cha wageni cha Brú na Bóinne. Newgrange, lile kaburi nililolitaja mwanzoni, ilijengwa karibu mwaka 3200 kabla ya Kristo, na huwezi kuiendea mwenyewe mpaka mlangoni: unakata tiketi kituoni, basi lao linakupeleka. Nunua tiketi mtandaoni siku nyingi kabla, hasa kwa majira ya joto. Ndani, mpitio ni mwembamba, unapinda mabega, kisha mwongozaji anazima taa na kuonyesha kwa taa ya bandia jinsi jua la siku fupi kabisa za Desemba linavyopenya kwenye tundu lililo juu ya mlango na kutambaa sakafuni hadi chumba cha ndani kabisa. Waliojenga hawakuwa na chuma wala maandishi. Nilitoka nikiwa sina la kusema.

Kurudi, vuka mto kwa daraja la chuma la Oldbridge uende Mellifont, monasteri ya kwanza ya Wasistersiani (shirika la watawa Wakatoliki) nchini, ya mwaka 1142, halafu Monasterboice penye msalaba wa mawe wa Muiredach, mrefu kupita mita 5, umechongwa Adamu na Hawa, Kaini na Abeli, hadi siku ya hukumu, pande zote. Mzunguko wote hauzidi kilomita 40. Usishawishike kupitia kijijini Slane kwa sababu tu ramani inaonyesha ni karibu. Mteremko wa kuingia darajani ni mkali na malori ni mengi.

Wenye watoto, nendeni Waterford. Greenway ya huko ni njia ya kilomita 46 iliyotengenezwa juu ya reli ya zamani hadi Dungarvan, haina gari hata moja, ina madaraja marefu ya mawe na handaki la mita 400 ambalo watoto hupiga kelele humo kusikia mwangwi. Si lazima mmalize yote.

Westport hadi Achill

Sasa nifike ninapotaka kufika. Kaunti ya Mayo iko magharibi kabisa, na treni kutoka stesheni ya Heuston, Dublin, hadi mji wa Westport inachukua saa tatu na kitu. Baiskeli inasafiri bure, lakini nafasi zake ni chache sana katika kila treni na lazima uweke oda pamoja na tiketi. Ukifika stesheni bila oda wanaweza kukuacha.

Greenway ya Westport kwenda kisiwa cha Achill ina urefu wa kilomita 42 hivi, nayo imelala juu ya reli iliyofungwa mwaka 1937. Upepo wa huku kwa kawaida unatoka kusini-magharibi. Kwa hiyo fanya kama wenyeji wanavyoshauri: wakodishaji wa baiskeli Westport wana gari la kukupeleka Achill na baiskeli, kisha unarudi upepo ukikusukuma. Njiani kuna mabwawa ya maji meusi, kondoo waliopakwa rangi mgongoni kuonyesha mwenyewe ni nani, na kulia kwako bahari ya Clew Bay yenye visiwa vidogo vingi kama migongo ya viboko.

Simama karibu na Newport kuona Rockfleet, mnara wa mawe ulio ukingoni mwa maji. Ulikuwa wa Granuaile, ambaye Waingereza walimwita Grace O'Malley, mwanamke aliyeamuru majahazi na watu wake katika pwani hii karne ya 16, na mwaka 1593 akasafiri hadi Uingereza kuonana na Malkia Elizabeth wa Kwanza uso kwa uso kudai haki za familia yake. Mtu wa Pwani atamwelewa mara moja: hapa bahari ilikuwa barabara na bara lilikuwa kikwazo.

Lakini kabla hujaondoka Achill, geuza kwanza kusini kutoka Achill Sound, ufuate ufuo hadi makaburi ya Kildavnet. Mwaka 1894, vijana wa Achill waliokuwa wakienda kuvuna viazi Scotland walipanda mashua kwenda Westport kuipata meli. Mashua ikapinduka karibu na bandari. Walikufa 32. Reli ilikuwa ikijengwa, na treni ya kwanza kabisa kufika Achill ilileta maiti zao. Mwaka 1937, vijana 10 wa kisiwa hicho hicho waliteketea kwa moto katika banda walilokuwa wamelala huko Kirkintilloch, Scotland, wakiwa kwenye kazi hiyo hiyo ya viazi. Miili yao ililetwa kwa reli hiyo hiyo, na mwaka huo huo reli ikafungwa. Wote wamezikwa hapa, mkabala na maji.

Nimesimama pale mara mbili. Achill iliishi kwa pesa zilizotumwa na watoto waliokwenda vibarua Scotland na Uingereza: mama alingoja barua yenye noti ndani, kodi ya ardhi ililipwa kwa viazi vya watu wengine. Anayetuma kitu nyumbani kila mwisho wa mwezi hahitaji kuelezwa zaidi, na anajua pia michango tunayochangishana hapa ili mwenzetu arudishwe kuzikwa kwao. Nimewahi kumwambia hayo mzee mmoja aliyekuwa akipalilia kaburi. Aliniuliza, "Na kwenu, nani anabaki kulima?" Tukazungumza mpaka mvua ikatutawanya.

Barabara ya Doolough

Hii ni ya siku ya pili, na ni ya miguu iliyozoea: karibu kilomita 85 kwa mzunguko. Toka Westport kuelekea magharibi kwa barabara ya R335. Kilomita chache tu uko Murrisk, chini ya mlima Croagh Patrick wa mita 764, ambao mahujaji huupanda Jumapili ya mwisho ya Julai, baadhi yao peku. Upande wa pili wa barabara kuna sanamu ya shaba ya meli yenye mifupa ya watu badala ya kamba za tanga. Ni kumbukumbu ya kitaifa ya Njaa Kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852, iliyoua takriban watu milioni moja na kuwahamisha wengine zaidi ya milioni.

Louisburgh ni mahali pa mwisho pa kununua maji na chakula kwa muda mrefu, kwa hiyo jaza chupa. Mimi hubeba chapati zilizozungushiwa mayai, hazimwagiki na hazigandi. Baada ya hapo nyumba zinapungua, milima ya Mweelrea inasogea, na unajikuta kandokando ya ziwa Doolough, barabara moja nyembamba na ukimya.

Machi 1849, mamia ya watu wenye njaa walikusanyika Louisburgh kukaguliwa ili waendelee kupewa msaada wa chakula. Wakaambiwa wakaguzi wamekwenda Delphi Lodge, nyumba ya wawindaji, na wao wafike huko kesho yake asubuhi. Ni karibu kilomita 19. Walitembea usiku katika baridi na mvua ya mawe, wakafika, wakarudishwa mikono mitupu. Wengi walianguka njiani wakati wa kurudi, na mpaka leo idadi yao inabishaniwa. Karibu na ziwa kuna msalaba wa jiwe lisilopambwa. Maandishi yake yanawakumbuka wale wa 1849 pamoja na maskini wanaotembea kwa njaa leo katika nchi nyingine, na yanaitaja Afrika Kusini. Kila mwaka watu hutembea tena barabara hii, na mwaka 1991 Askofu Mkuu Desmond Tutu alikuwa miongoni mwao.

Kutoka msalabani unateremka hadi Delphi, halafu mkono wa bahari wa Killary unafunguka mbele yako, na maporomoko ya Aasleagh yako kabla tu ya kufika barabara kuu. Leenane iko kulia, kilomita chache. Kunywa chai hapo, kula kitu cha moto.

Kabla hatujamaliza mzunguko, neno moja kwa wenye pasipoti za kwetu: ukizoea njia hizi utatamani nyingine, na ile ya Carlingford na Omeath, kaskazini mwa Drogheda, inaelekea Newry, mji wa Ireland ya Kaskazini, ambako ni Uingereza. Hakuna kizuizi wala askari mpakani, alama za kilomita zinageuka maili tu, lakini kisheria unahitaji viza ya Uingereza hata kama una kibali cha kuishi Ireland. Geuza kabla ya mpaka.

Kutoka Leenane hadi Westport ni kilomita 32 kwa N59, magari ni ya kasi, vaa fulana ya kuakisi mwanga na uwashe taa hata mchana. Juni jua linazama karibu saa nne usiku, huna haraka. Oktoba usiondoke Leenane baada ya saa tisa alasiri. Upepo, kwa siku nyingi, utakuwa mgongoni.