Toscana kwa Vespa: kutoka Pontedera hadi Pienza, hatua kwa hatua

Wengi wanaopanga kuzunguka Toscana, mkoa wa Italia, kwa Vespa, ile skuta ya Kiitaliano, huanza na ramani. Anza na chombo. Vespa ya gia ina nguvu kiasi, tairi za inchi 10 na tangi dogo. Hayo matatu ndiyo yatakayoamua upite wapi, saa ngapi, na ulale wapi. Njia ninayowapitisha wageni ni hii: Pontedera, Volterra, Siena, Pienza. Siku tatu zinatosha, nne ni starehe.

Hatua ya 1: Msimu, chombo na karatasi

Njoo kati ya katikati ya Aprili na Juni, au Septemba. Agosti iache. Jua ni kali, na karibu na tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto, gereji nyingi hufungwa. Waya wa klachi ukikatika siku hiyo utapata muda mrefu wa kupumzika chini ya mti.

Kodi yenye injini ya sisi (cc) 125 au zaidi. Ya 50 ni ya kuendea dukani. Ukipakia abiria na begi, mlima wa Volterra utaupanda sambamba na waendesha baiskeli, na wao watakusalimia wakikupita. Mimi napendelea PX 125, aina ya Vespa ya gia, kwa sababu vipuri vyake vipo na mafundi wa huko wanaijua. Asiyetaka gia achukue ya otomatiki, hakuna ubaya.

Beba leseni yenye daraja la pikipiki pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Helmeti ni lazima, kwako na kwa abiria. Kabla ya kusaini mkataba piga picha bodi nzima, pande zote mbili na chini ya sakafu ya miguu, maana mikwaruzo ya zamani hukaa huko.

Hatua ya 2: Pitia makumbusho kabla ya kuwasha

Pontedera ipo kwenye reli ya Pisa na Firenze, na Makumbusho ya Piaggio, kampuni inayotengeneza Vespa, yako jirani na stesheni, ndani ya karakana ya zamani ya kiwanda. Usiyaweke mwisho wa safari. Ukiingia humo kwanza, utaelewa kwa nini chombo chako kiko kilivyo.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili kiwanda hiki kilitengeneza ndege, kikapigwa mabomu vibaya. Vita ilipoisha, Enrico Piaggio alitaka kitu cha bei nafuu cha kuwabeba watu. Mafundi wake wakaunda skuta ya kwanza, MP5, iliyopewa jina la utani Paperino. Hakuipenda. Akamkabidhi kazi Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege na helikopta ambaye pikipiki hazikumvutia hata kidogo: chafu, mnyororo unamwaga oili, na tairi likipasuka ni balaa. Basi akaondoa mnyororo na kuiweka injini ubavuni mwa gurudumu la nyuma, akaifunika kwa bodi ya bati, akahamishia gia kwenye mkono wa kushoto, na gurudumu la mbele akalishika kwa mhimili wa upande mmoja kama la ndege, ili litoke upesi. Hati ya ubunifu iliwasilishwa Firenze tarehe 23 Aprili 1946. Vespa ya kwanza ilikuwa na sisi 98 tu.

Humo utaona pia Ape ya magurudumu matatu, iliyoanza 1948. Mtu wa Mombasa hatahitaji kuelezwa. Tuktuk ya kwao ni mjukuu wake.

Hatua ya 3: Jifunze mkono wa kushoto

Tafuta eneo tupu la maegesho. Fungua koki ya petroli chini ya pua ya siti. Ina sehemu tatu: wazi, fungwa, na rizavu. Injini ikiwa baridi vuta choki, piga kiki mara mbili tatu, ikishika irudishe.

Sasa bana klachi, na huku umeibana zungusha mshikio mzima kwenda juu: hiyo ni gia ya kwanza. Nyutro iko kati ya ya kwanza na ya pili, kisha ya tatu na ya nne zinafuata kwenda chini. Breki ya nyuma ni pedeli ya mguu wa kulia. Waliozoea bodaboda hukosea hapa: mguu wa kushoto unatafuta gia ambayo haipo. Zunguka mpaka mguu usahau.

Hatua ya 4: Oili

Injini ya Vespa hii ya gia huchoma petroli yenye oili. Muulize mwenye chombo kama kinajichanganyia chenyewe. Kama ndiyo, kuna kidirisha cha kioo chini ya siti. Kikionyesha oili, endelea. Kama hapana, changanya kwa asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5. Nunua oili ya kutosha kabla ya kutoka mjini. Beba plagi ya akiba na spana yake.

Kwenye vituo vya mafuta, pampu iliyoandikwa *servito* ina mhudumu na bei ya juu. Mchana na Jumapili hukuti mtu, unalipia kwenye mashine, kwa hiyo uwe na noti ndogo.

Hatua ya 5: Pontedera hadi Volterra

Simu yako itataka kukuingiza FI-PI-LI, barabara ya malori. Iamuru iepuke barabara kuu. Shika barabara ya SR439 kuelekea kusini, pitia Capannoli, ufuate bonde la mto Era, kisha upande Volterra, mji uliokaa zaidi ya mita 500 juu ya bahari. Karibu na kilele upepo hupiga ubavuni. Legeza mabega, usiukabe usukani.

Kushuka kuna siri yake. Ukifunga gesi kabisa kwenye mteremko mrefu, injini inazunguka kwa kasi huku oili haiingii. Kila baada ya muda mfupi fungua gesi kidogo, au bana klachi, na breki ya nyuma ifanye kazi yake.

Hatua ya 6: Siena, kisha Pienza

Kutoka Volterra fuata SR68 hadi Colle di Val d'Elsa, halafu barabara ya zamani ya Cassia kupita Monteriggioni. Siena egesha nje ya kuta, uingie kwa miguu. Bango jeupe lenye duara jekundu na maneno ZTL, yaani eneo lenye vizuizi vya magari, lina kamera, na faini itakufuata mpaka nyumbani.

Siku ya mwisho ndiyo tamu zaidi. Usiende moja kwa moja kusini. Pitia SP438 hadi Asciano, katikati ya vilima vya udongo wa kijivu, kijani kibichi mwezi Aprili na rangi ya ngano mwezi Juni. Kisha SP451 kupita abasia (nyumba ya watawa) ya Monte Oliveto Maggiore hadi Buonconvento, Cassia hadi San Quirico, na SP146 hadi Pienza. Njia nyeupe za changarawe zitakuita. Soma mkataba kwanza, na ukiingia ukumbuke breki ya mbele na changarawe havipatani.

Pienza nunua jibini la pecorino, lifunge kwa karatasi na uliweke kwenye sanduku la mbele, mbali na joto la injini.