Kuomba chuo kikuu binafsi Tanzania: anza na pointi, hela baadaye

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mwezi wa saba, steshenari yangu hapa Mwanza haifungwi kabla ya saa nne usiku. Vijana wanakuja na simu zao, wazazi na bahasha za kaki, wengine wamevuka na kivuko cha Kamanga asubuhi na mapema. Na kila mwaka hakosi mzazi wa kuniambia, "Huyu tumpeleke chuo binafsi tu, kule hela yako ndiyo inaongea."

Hapana, mzee wangu. Hela inaongea baadaye sana. Uende SAUT pale Malimbe, CUHAS ya Bugando, Zanzibar University ya Tunguu, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro au chuo chochote cha serikali, mlango ni ule ule, na anayeulinda ni TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Chuo kinapokea maombi na kuchagua, lakini majina yote yanapelekwa TCU yakahakikiwe. Asiye na sifa hata awe na ada ya miaka yote mfukoni, hasajiliwi.

Tofauti na zamani ni njia ya kuomba. Kati ya 2010 na 2016 tulikuwa tunaombea kwenye mfumo mmoja wa TCU. Kuanzia mwaka wa masomo 2017/2018 mwombaji anakwenda moja kwa moja kwenye tovuti ya chuo anachokitaka. Ukitaka vyuo vitatu, unafungua akaunti tatu na kulipa ada ya maombi mara tatu. Kwa hiyo kabla hujalipa hata mia, kaa na kalamu.

Hesabu pointi zako upya

Hapa ndipo wengi wanapotea. Kwenye matokeo ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, pointi chache ndiyo sifa: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Unajumlisha masomo matatu ya tahasusi, unapata divisheni. TCU wanahesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Huku wingi ndio utajiri.

Kiwango cha chini kabisa cha kuingia shahada ya kwanza kwa waliomaliza kuanzia 2016 ni prinsipo mbili zenye jumla isiyopungua pointi 4.0, kwenye masomo mawili ambayo kozi husika inayataka. Prinsipo ni A mpaka E. S haimo, na General Studies haimo. Waliomaliza 2014 na 2015, enzi zile za B+, wana jedwali lao, wasitumie hili.

Nikuonyeshe jinsi inavyouma. Chukua vijana wawili waliomaliza shule moja. Wa kwanza alisoma EGM: Jiografia C, Uchumi E, Hesabu S. NECTA wamempa 3 na 5 na 6, jumla 14, divisheni ya tatu. Wa pili alisoma HGE: Historia D, Jiografia E, Uchumi S. Jumla yake 15, divisheni ya tatu vilevile. Mtaani wote wawili wamepata "three" na wote wamechinjiwa kuku. Sasa hesabu kwa TCU. Wa kwanza ana C na E, yaani 3 na 1, pointi 4.0 kamili. Ameingia kwa ncha ya kucha. Wa pili ana D na E, pointi 3. Huyo hata aombe vyuo kumi, ni ada ya maombi kumi ameitupa ziwani. Njia zake ni nyingine: stashahada, kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Ni njia halali kabisa, ila azianze mapema badala ya kusubiri muujiza mpaka awamu ya tatu ya udahili.

Aliyetoka na stashahada hahesabu hivi. Yeye anatakiwa awe na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, kuanzia D, na GPA isiyopungua 3.0 kwenye stashahada inayoendana na kozi anayoiomba. Juu ya hapo awe na AVN, namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Namba hii inaombwa mtandaoni na inategemea chuo chako cha zamani kiwe kimepeleka matokeo. Usiiache kwa siku ya mwisho. Kama ulisomea nje ya nchi, kwanza ulinganishe vyeti: vya sekondari NECTA, vya stashahada NACTVET.

Kitabu cha TCU, na ule mstari mmoja

TCU hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili, kimoja kwa wa kidato cha sita, kingine kwa wa stashahada na sifa linganishi. Ni faili la PDF, bure, kwenye tovuti yao. Nenda kwenye jina la chuo, tafuta kozi, usome mstari wake wote: masomo yanayotakiwa, pointi za chini za chuo hicho, idadi ya nafasi na miaka ya kusoma.

Soma mpaka mwisho wa mstari, maana shetani anakaa kwenye yale maneno ya "endapo". Kozi nyingi za biashara zinasema kama huna Hesabu kwenye prinsipo zako, basi angalau uwe na D ya Hesabu kidato cha nne. Kijana ana B mbili, anashangaa mfumo unamkataa, kumbe F ya Hesabu ya kidato cha nne imemfuata mpaka huku. Udaktari ndio usiseme: prinsipo tatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja isipungue D, jumla pointi 6. Tena hizo ni za kuruhusiwa kuomba tu. Kwenye kozi yenye nafasi chache unashindana na wenye 12 na 13.

Na kama kozi haimo kwenye kitabu cha mwaka huo, usiiombe, hata kama bango lake liko barabarani na picha ya kijana mwenye joho. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na vyuo vingine 22 vikazuiwa kwenye baadhi ya kozi. Waliosoma vipeperushi tu walijikuta wanaanza kutafuta upya. Kitabu kinashinda kipeperushi.

Akaunti: namba ya simu ni yako, si ya kwangu

Sasa ingia kwenye tovuti ya chuo, tafuta mfumo wa udahili, fungua akaunti. Utaulizwa namba ya mtihani ya kidato cha nne na mwaka. Iandike kama mfumo unavyoonyesha, kwa mfano S0000/0000/2021, bila kuruka sifuri. Mifumo mingi inavuta jina lako moja kwa moja kutoka NECTA. Kama ulifanya kidato cha nne mara mbili, weka namba zote mbili pale wanapouliza kuhusu mtihani mwingine. Jina likija tofauti na la cheti cha kuzaliwa, kwa mfano huku Mwajuma, kule Mwajuma Juma, anza kutafuta kiapo cha jina sasa hivi.

Namba ya simu. Hapa naungama. Miaka yangu ya kwanza kwenye kazi hii ya kuwajazia watu maombi nilikuwa najaza namba yangu kwenye akaunti za wateja, eti kazi iende haraka. Mwezi wa nane ukaisha, meseji zikaanza kumiminika kwenye simu yangu: namba za siri za kuthibitisha chuo, za watoto wa watu, kumi na tatu kwa siku moja. Wengine niliwapata. Binti mmoja alikuwa ameshavuka kurudi Ukerewe, simu ya mama yake haipatikani. Nilimpata siku mbili baada ya dirisha kufungwa. Mama yake hakunigombeza, alisema tu, "Basi, kaka." Mpaka leo mteja akiniambia "weka tu yako" namrudishia kiti akae, tusubiri aende kusajili laini.

Barua pepe nayo iwe yako na nywila yake uijue. Andika kwenye daftari, si nyuma ya risiti.

Baada ya hapo mfumo utakupa kontroo namba au namba ya malipo. Vyuo vingi hutoza shilingi 10,000 za maombi. Lipa kwa simu au wakala wa benki, rudi kwenye akaunti uhakikishe malipo yamesoma, kisha chagua kozi. Mpangilio wa kozi una maana. Ya kwanza iwe unayoitaka kweli, lakini angalau moja chini yake iwe ile ambayo pointi zako zinaimudu kwa raha. Ukimaliza bonyeza kile kitufe cha kutuma. Wapo wanaojaza kila kitu, wakalipa, wakaenda nyumbani, ombi limebaki rasimu. Ukurasa unaoonyesha kwamba ombi limepokelewa, uprinti au upige picha.

Umechaguliwa vyuo viwili

TCU hutangaza kwa awamu. Ukichaguliwa chuo kimoja tu, huna cha kuthibitisha, unasubiri barua. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, TCU wanakutumia namba ya siri kwa meseji. Unaingia kwenye akaunti ya kile chuo unachokitaka, unaiweka hapo, basi. Isipofika, kwenye akaunti hiyo hiyo kuna sehemu ya kuomba itumwe upya. Usimpe mtu, hata anayejitambulisha kwamba ni ofisa udahili. Vyuo vinagombania wanafunzi, na mwenye namba hiyo ndiye anayeamua uende wapi.

Muda wa kuthibitisha una mwisho wake, na ukipita kimya kimya nafasi wanapewa wengine. Ukikosa awamu ya kwanza, rudi awamu ya pili, lakini angalia kwanza ni kozi zipi bado zina nafasi. Kurudia maombi yale yale yaliyokukataa ni kumpigia mbuzi gitaa.

Hapa sasa hela ndiyo inaongea

Barua ya udahili ikija, usisome ada ya mafunzo peke yake. Shusha macho kwenye yale malipo mengine: usajili, mitihani, kitambulisho, umoja wa wanafunzi, shilingi 20,000 za udhibiti ubora za TCU kila mwaka, na bima ya afya kwa asiyekuwa nayo, ambayo kwa miaka mingi mwanafunzi amelipa NHIF 50,400. Jumlisha, zidisha kwa miaka ya kozi, ongeza chumba na chakula. Udaktari ni miaka mitano, na huo ndio mwisho wa utani. Kisha uliza ada inagawanywa mara ngapi na kila sehemu inadaiwa lini, maana vyuo vingi asiyemaliza ada hapewi namba ya mtihani.

Wanafunzi wa vyuo binafsi wanaruhusiwa kuomba mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, sawa na wa serikali. Wengi hawalijui hilo. Ila kuomba chuo si kuomba mkopo: mfumo wa mkopo ni mwingine, unaitwa OLAMS, ada yake ni 30,000, na dirisha lake hufunguka na kufungwa kwa ratiba yake. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kama mzazi amefariki, vihakikiwe kwanza RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, au kwa wakala wa Zanzibar kama umezaliwa huko. Fomu inataka sahihi na mihuri ya serikali ya mtaa na ya hakimu au wakili. Na jambo moja wanalikosea sana wale waliorudia mitihani: namba ya kidato cha nne uliyoombea chuo ndiyo hiyo hiyo uombee mkopo. Zikitofautiana, bodi haikuoni kwenye orodha ya waliodahiliwa. Hata ukipata, mkopo hauahidi kufunika ada yote, kwa hiyo familia ikae kikao kabla ya kulipa, si baada.

Siku ya kuripoti, ambayo huangukia kati ya Oktoba na Novemba, chukua barua ya udahili, fomu ya daktari iliyojazwa hospitali, risiti za benki, picha za pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, na karatasi ya matokeo ya kidato cha sita kama cheti hakijatoka. Vyeti halisi pamoja na nakala zake. Na bahasha hiyo uipakate mwenyewe safari nzima, usiiweke kwenye begi linaloingia kwenye buti la basi.