Jinsi ya kutafsiri neno "barrier"

Ukilikuta neno hili, usikimbilie "kizuizi". Jiulize kwanza: aliye nyuma ya hicho kitu anashukuru au analalamika? Akishukuru, jaribu "kinga". Akilalamika, ni "kikwazo".

Niliwahi kutafsiri kipeperushi cha malezi kilichotaja krimu ya kumpaka mtoto mapajani ili mkojo usimchubue. Nikaandika "krimu ya kizuizi". Mama mmoja niliyemwomba apitie rasimu, mtoto mgongoni, akaweka kidole kwenye mstari ule: "Inamzuia mtoto nini?" Nikafuta, nikaandika "mafuta ya kukinga ngozi". Akaendelea kusoma bila kusita.

Kwenye biashara, "non-tariff barriers" ziandike "vikwazo visivyo vya kiforodha". Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya kuviondoa mwaka 2017. Ukiandika "vizuizi", dereva wa lori ataona askari na chuma kilicholala barabarani, kumbe unazungumzia pia vyeti vinavyokaguliwa upya kila mpaka. Jina la mahali, liache. Kati ya Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda watu huvukia mpaka Grande Barrière na Petite Barrière, na hakuna anayeyatafsiri.

Great Barrier Reef ya Australia nayo ibaki hivyo, kisha ongeza "miamba ya matumbawe yenye urefu wa kilomita 2,300 hivi". Msomaji wa pwani ataielewa mara moja, kwani ameona wimbi likivunjikia mwambani na ndani maji yametulia.

Kwa kondomu, "kizuizi" ni sahihi kabisa: mbegu inazuiwa isilifikie yai. Kwa "sound barrier" aliyoivunja rubani Mmarekani Chuck Yeager mwaka 1947, sema aliruka kwa kasi kuliko sauti. Ukisema alivunja kizuizi, msomaji atauliza vipande viko wapi. Mgonjwa na nesi wasipoelewana, ripoti iseme "kikwazo cha lugha", ingawa wao wenyewe watasema ilikuwa lugha gongana, na mimi napenda hilo zaidi.

Panaponisumbua ni kati ya damu na ubongo, kwenye "blood-brain barrier". Kuta za mishipa midogo ya ubongo huzuia sumu nyingi zisipenye, na ubongo unashukuru. Lakini huzuia pia dawa nyingi, na daktari analalamika. Ukiandika "kinga", umeficha shida ya daktari; ukiandika "kikwazo", umeikosea haki mishipa. Hapo narudi kwenye "kizuizi", kwa sababu hakimpendelei yeyote.