Kuonyesha Körkarlen (1921): ndoa kwanza, mzimu baadaye

Körkarlen ya mwongozaji Victor Sjöström hutangazwa kama filamu ya mizimu, na hapo ndipo onyesho linapoanza kuharibika. Watu wanakuja kutishwa, wanakutana na mlevi, mkewe na watoto wawili, na baada ya nusu saa simu zinaanza kuwaka gizani. Filamu hii ya Sweden isiyo na sauti, iliyotoka tarehe 1 Januari 1921, ni habari ya ndoa ya David Holm na Anna. Lile gari la mauti, la kukokotwa na farasi, linalobeba roho za wafu ni njia ya kumrudisha David aitazame nyumba aliyoibomoa kwa mikono yake. Ukilishika hilo, utajua la kufanya kuhusu nakala, mwanga, muziki na sauti ya msomaji atakayewasomea watazamaji maandishi ya filamu. Maelezo haya ni ya mtu mwenye projekta moja, spika mbili na watazamaji thelathini hadi hamsini wasiojua Kiswidi.

Nakala

Tafuta nakala iliyokarabatiwa, yenye rangi, ya takriban dakika 106. Urefu huo ndio kipimo chako cha kwanza. Kamera za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, kwa kawaida picha 16 hadi 20 kwa sekunde, ilhali mwendo wa filamu zenye sauti ni picha 24. Kilichopigwa kwa 16 kikachezwa kwa 24 kinaongeza kasi kwa nusu nzima: dakika 106 zinakwisha kwa dakika 71, na watu wanatembea kama wanaofukuzwa na nyuki. Watazamaji watacheka, na hawatakuwa na kosa. Mambo makubwa ya filamu hii yamo katika kusitasita: Anna kusimama kabla ya kujibu, David kugeuza uso polepole anapotaka kuumiza. Mwendo ukikimbia, hayo yote yanapotea na kinachobaki ni vituko.

Kabla ya kuamua, tazama mtu yeyote anayetembea katika dakika kumi za mwanzo. Akirukaruka, mwendo umezidi. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, punguza kasi hadi 0.75, ukiona bado shusha hadi 0.67, kisha zima sauti ya faili, maana muziki uliopunguzwa kasi hauvumiliki. Nakala fupi ambayo mwendo wake ni wa kawaida imekatwa vipande, iache.

Rangi nayo ina kazi. Nakala iliyokarabatiwa hupaka usiku wa nje bluu, na vyumba vya ndani rangi ya joto ya kahawia na njano. Kwa filamu inayorukaruka kati ya makaburini, kitandani kwa mgonjwa na jikoni kwa Anna, rangi hizo humwambia mtazamaji yuko wapi kabla hajasoma neno. Nakala ya nyeusi na nyeupe inafaa kwa mtu anayejifunza peke yake. Kwa ukumbi inachosha.

Jambo moja la hakimiliki: filamu ni ya mwaka 1921, lakini muziki unaokuja na nakala nzuri ni mpya. Nakala za diski zina muziki wa Matti Bye au wa kundi la KTL, na huo ni mali ya watunzi wake. Kwa onyesho la hadhara omba idhini, au zima sauti na uweke mwanamuziki wako.

Picha ukutani

Umbo la picha ni nne kwa tatu, karibu mraba. Projekta na televisheni za sasa zina mazoea ya kuivuta hadi ijae upana, na hapo nyuso zinanenepa na vichwa vinaweza kukatwa. Ingia kwenye mpangilio wa umbo la picha, chagua 4:3 au "asilia". Projekta inayotoa picha ya 16:9 yenye upana wa mita 3.2 itakupa sinema ya mita 2.4 kwa 1.8, na weusi pande mbili. Weusi huo uache. Ukiweza, funika pembeni kwa kitambaa cheusi.

Giza ndilo sharti kubwa. Mpiga picha Julius Jaenzon aliwapata wafu wake ndani ya kamera yenyewe: anapiga mandhari, filamu inarudishwa nyuma, kisha mwigizaji anapigwa juu ya filamu ileile, safu juu ya safu, hadi nne. Kila mara mkono ulitakiwa kuzungusha kwa mwendo uleule, la sivyo safu zisingekutana. Matokeo yake ni mtu unayemwona na kumwona ukuta ulio nyuma yake kwa wakati mmoja. Sura hiyo nyepesi ndiyo ya kwanza kufa taa ya barabarani ikipenya dirishani. Funga madirisha kwa mapazia mazito, na usianze kabla ya saa moja na nusu usiku.

Pima kwa mandhari ya bahari, gari linapopita juu ya mawimbi kumfuata mtu aliyezama. Mawimbi yaonekane kupitia gari, na farasi aonekane bila kukodoa macho. Ukiona mawimbi tu, punguza mwanga wa chumba kwanza. Kupandisha mwangaza wa projekta hugeuza weusi kuwa kijivu, na mzimu unazidi kumezwa. Halafu zima mambo mawili: hali ya rangi kali, na kile kifaa cha "kulainisha mwendo" kilichomo kwenye televisheni nyingi. Hicho cha pili hubuni picha za kati ambazo hazikuwapo, na palipo na safu mbili kinachanganyikiwa, kingo za mzimu zinatetemeka kama mkanda mbovu.

Wape ramani ya wakati

Hapa ndipo watu hupotea, na hakuna ufundi wa mashine utakaowaokoa. Hadithi nzima ni ya usiku mmoja, mkesha wa Mwaka Mpya, lakini inarudi nyuma mara kwa mara, na wakati mmoja inarudi nyuma ndani ya kurudi nyuma. Edit, dada wa Jeshi la Wokovu, anakufa kwa kifua kikuu na anaomba aitiwe David Holm. David yuko makaburini akinywa na wenzake wawili. Anawasimulia habari ya rafiki yake Georges, na ndani ya simulizi hiyo Georges naye anasimulia imani ya kale: mtu wa mwisho kufa kabla ya saa sita ya usiku huo ataliendesha gari la mauti mwaka mzima. Ugomvi unazuka, David anapigwa, saa inalia, gari linafika, na anayeliendesha ni Georges.

Kuanzia hapo Georges anamfungulia David maisha yake, na ndoa ndiyo inashika usukani wa filamu: familia yenye furaha nje mashambani, pombe, gereza, nyumba tupu, kisha kumwinda Anna aliyekimbia na watoto.

Andika mistari sita au saba ya namna hiyo kwenye karatasi moja ukaigawe mlangoni, au uisome kwa dakika mbili kabla ya kuzima taa. Ishia kwenye nyumba tupu. Usiogope kwamba unafichua siri. Mtazamaji aliyeshika mpangilio wa wakati anapata nafasi ya kutazama nyuso.

Maneno kwa Kiswahili

Filamu haina sauti. Maneno hutokea kwenye vibao vilivyoandikwa, kwa Kiswidi au Kiingereza kulingana na nakala. Una njia mbili. Ya kwanza ni faili la tafsiri ya chini: mistari miwili, kila mmoja usiozidi herufi 40, njano yenye ukingo mweusi, ionekane wakati wa kibao tu na iondoke nacho. Ya pili, ambayo ni bora kwa ukumbi wenye watoto wakubwa na wazee, ni kusoma kwa sauti. Watu wetu waliokulia kwenye vibanda vya video wameizoea sauti ya mtafsiri, ila hapa kazi ni tofauti: msomaji anasoma kibao, basi. Haongezi utani wala haelezi picha.

Tengeneza karatasi ya msomaji yenye safu tatu: dakika na sekunde, anayesema, maneno. Maneno mawili kwa sekunde ndio mwendo unaosikika vizuri, kwa hiyo kibao cha sekunde sita kinabeba maneno kumi na mawili. Tafsiri ikizidi hapo, punguza maneno, usikimbize ulimi. Tumia wasomaji wawili, mwanamume na mwanamke. Sauti ya kiume ikimsemea Anna, ukumbi unamsikia mumewe. Fanyeni zoezi la filamu nzima angalau mara mbili, mara ya pili mkiwa na mwanamuziki.

Kisha weka alama nyekundu mahali pa kunyamaza kabisa. Pa kwanza ni koti. David amefika kwenye nyumba mpya ya Jeshi la Wokovu, mchafu, mgonjwa, koti limechanika. Anapolala, Edit anakaa na sindano usiku kucha akishona kila tundu la koti lile lenye vijidudu, bila kujali ugonjwa uliomo. Asubuhi David analipokea, anaona kazi iliyofanyika, na anaing'oa mishono yote mbele ya macho ya Edit, huku akifurahia kumwona anavyoumia. Hakuna linalohitaji kuelezwa hapo. Ndiyo mandhari inayoonyesha vizuri kuliko zote jinsi David anavyomchukia mtu kwa sababu ametendewa wema, na ndiyo ufunguo wa namna anavyomtesa Anna. Msomaji akiingiza hata "maskini!" moja, ameiharibu.

Pa pili ni nyumba tupu. David ametoka gerezani akiwa tayari kubadilika, anafungua mlango, hakuna mtu. Majirani wanamcheka. Toba inageuka kisasi mbele yetu, usoni mwake, na Sjöström mwenyewe ndiye anayeigiza. Acha uso huo ufanye kazi.

Muziki na shoka

Ukitumia mwanamuziki, mpe chombo kimoja: kinanda, gitaa au udi. Bendi nzima inafunika sauti ya msomaji. Atunge vipande vifupi vitatu, cha Anna, cha gari na cha ulevi, avirudie kwa kubadilisha mwendo na uzito. Sauti ya muziki iwe chini kiasi kwamba mtu wa kiti cha mwisho anamsikia msomaji bila kutega sikio. Pima ukumbi ukiwa na watu, maana nguo na miili hunyonya sauti.

Kosa kubwa linatokea kwenye shoka. Anna amemfungia David jikoni ili akimbie na watoto, naye anaupasua mlango. Picha inakwenda huku na huku: mbao zinapasuka upande mmoja, mama anahangaika upande wa pili. Karibu kila mwanamuziki anataka kupiga ngoma kwa kila pigo la shoka. Mkatalie. Pigo likisikika, mandhari inakuwa ya kusisimua na macho yanabaki kwa David. Ukimwachia noti moja ndefu ya chini, au kimya kitupu, macho yanahamia kwa Anna, ambako ndiko hatari iliko. Kengele za saa sita makaburini ni sawa kuzipiga.

Kabla ya taa na baada yake

Onya waziwazi mlangoni: kuna ukatili wa mume kwa mke, kuna mtu anayewakoholea watoto kwa makusudi akijua ana kifua kikuu, na karibu na mwisho kuna mama anayeandaa sumu kwa ajili ya watoto wake na yeye mwenyewe. Watoto chini ya miaka kumi na miwili wasiingie. Andika kwenye karatasi ya mlangoni namna ya kulifikia dawati la jinsia la kituo cha polisi kilicho karibu. Filamu hii huwakuta watu mahali wanapoishi.

Mapumziko usiweke. Yakilazimika kwa sababu ya umeme au mashine, yawe saa inapolia sita usiku, si baadaye, kwa kuwa kuanzia hapo kila kipande kinashikilia kinachofuata.

Mazungumzo yatengee dakika thelathini. Ukianza kwa kuuliza "mnaamini mizimu?" dakika zote zitaishia huko, kwa hiyo anza na Edit: yeye ndiye anayewakutanisha tena Anna na David kwa nia njema, na matokeo yake ni jikoni lile na shoka lile. Je, alikuwa na haki ya kuwapatanisha? Wazee wa usuluhishi, wachungaji, mashangazi na mashemeji waliomo ukumbini watakuwa na la kusema, na hawatakubaliana. Wape nafasi wanawake waseme kwanza.

Swali la pili liwe la mwisho wa filamu. David anarudishiwa uhai, anakimbilia nyumbani, analia, na Anna anamwamini. Wapo watakaoona toba hiyo ni ya kweli kwa sababu amepitishwa hatua zote za ubaya wake. Wapo watakaosema Anna ameshawahi kuona toba kama hiyo. Usiwasuluhishe. Kama muda upo, rudisha filamu kwenye mandhari ya koti, icheze tena bila muziki, halafu uwaulize kama mtu yule ndiye waliyemwona akilia.