Jinsi ya kujipima kilo ukiwa kwenye kiti cha magurudumu

Mie niko Malindi, natumia kiti mwaka wa sita sasa, na kitu kilichonisumbua sana ni hizi kilo. Unaenda kliniki unaulizwa una kilo ngapi, unakisia, na aliyekuuliza anaandika hivyo hivyo. Haifai jamani, manake zipo dawa dozi yake inafuata uzito, na pia ukikonda bila kujua, mifupa ya makalio inakandamiza ngozi na hapo kidonda hakiko mbali.

Tafuta mizani bapa ya chini, ile ya kupimia magunia. Maghala ya nafaka wanazo. Mie huchukua tuktuk asubuhi mapema kabla hawajaanza kupakia, namwomba mwenye ghala kwa adabu, mpaka leo hajaninyima.

Kwanza ijaribu mizani yenyewe. Mwambie kijana aweke mfuko wa simiti wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, ikisoma 47 au 53 achana nayo tafuta nyingine.

Alafu panda. Magurudumu yote manne lazima yawe juu ya bati la mizani, ukiacha hata lile dogo la mbele nje hesabu imeharibika. Kama bati ni dogo waweke kipande cha plaiwudi juu yake, wairudishe mizani kwenye ziro, ndio upande. Ile mbao ya kupandia ikishakufikisha iondolewe, isibaki imeegemea bati. Funga breki, miguu iwe kwenye vikanyagio, mikono mapajani, na aliyekusukuma aachie kabisa vishikio, hapa ndio watu wengi hukosea kwa sababu msaidizi anaogopa utaanguka anashika kidogo, na huko kushika kidogo kunapunguza au kuongeza kilo mbili tatu bila yeye kujua. Subiri namba itulie, piga picha.

Sasa hamia kwenye benchi, kiti kipimwe peke yake, hapo hapo, mizani hiyo hiyo. Usitumie uzito uliosoma kwenye karatasi ya kiti kilipokuwa kipya, manake ule mara nyingi hauna mto wala vitu ulivyoongeza. Mto ubaki, begi la nyuma na chupa ya maji zitoke mara zote mbili. Mimi na kiti tulikuja 84.6, kiti kitupu 18.2, kwahivyo mie ni 66.4.

Ukitumia mfuko wa mkojo umwage kabla, lita moja ya mkojo ni kama kilo moja nzima. Choo pia, kama ratiba yako ni siku mbili mara moja basi jipime baada ya siku ya choo. Nguo ziwe nyepesi, na saa iwe ile ile kila mwezi.

Kwa mtoto ni rahisi zaidi, mzazi asimame kwenye mizani ya nyumbani amembeba, alafu asimame peke yake, atoe. Mtu mzima kubebwa hivyo sishauri, mkianguka ni balaa, ila kule Lamu vichochoro vikikushinda kufika ghalani, mwombe daktari akutafutie zahanati yenye mizani ya kukalia.

Andika tarehe na namba zote tatu kwenye daftari, si ile ya mwisho tu. Siku ukibadilisha matairi au mto, kiti kipimwe upya.