Alasiri Moja ya Ijumaa: Jinsi Baraza la Wanafunzi la Shule Ndogo Linavyoandaa Funki Yake

Shule ambayo mimi ni mlezi wa baraza lake la wanafunzi iko kisiwani Mombasa na haifikishi wanafunzi 200. Hatuna ukumbi. Tuna uwanja wa mchanga, mwarobaini mkubwa na madarasa yanayotazamana. Mwisho wa muhula wa kwanza na wa pili baraza huandaa alasiri ya michezo, chakula na mashairi. Wanafunzi wanaiita funki, jina la sherehe ambayo shule hualikana, ingawa kwetu hakuna shule nyingine inayoalikwa. Muhula wa tatu tunawaachia watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, utulivu wao. Namwandikia mwalimu aliyekabidhiwa baraza juzi na hajui aanzie wapi.

Jambo moja kwanza. Katika shule kubwa, mtoto asiye na kundi hujificha ndani ya umati. Kwetu hana pa kujificha: kila mtu anajua ni nani hukaa peke yake wakati wa mapumziko, naye anajua kwamba wanajua. Mimi huipima funki kwa mtoto huyo. Akirudi nyumbani akiwa na jambo la kusimulia, baraza limefanya kazi yake.

Hatua ya 1: Baraza lichaguliwe kweli

Tangu mwaka 2009 shule za sekondari za Kenya zimekuwa zikiacha mtindo wa viranja wanaoteuliwa na walimu na kuchukua baraza linalopigiwa kura na wanafunzi. Mabadiliko hayo yalikuja baada ya migomo mikubwa ya 2008. Lakini zipo shule ambazo jina limebadilika na uteuzi ukabaki ofisini. Usikubali. Katoni yenye tundu inatosha kuwa sanduku la kura. Kura ziwe za siri na zihesabiwe mbele ya wote.

Kila darasa litoe wajumbe wawili, msichana na mvulana pale shule ilipo ya mseto. Hao wanatosha. Usiunde kamati saba, kwa sababu katika shule ndogo utawakuta watoto walewale watatu katika kamati zote, wamechoka kabla ya muhula kufika katikati. Na akichaguliwa yule msumbufu wa darasani, mwache. Mara nyingi ndiye anayejua wenzake wanataka nini.

Hatua ya 2: Chagueni siku

Kaeni kikao cha kwanza wiki tano kabla. Baraza letu lilipendekeza Jumamosi, mpaka mjumbe wa kidato cha pili akasema, "Mwalimu, sisi Waadventista Jumamosi tuko kanisani." Jumapili wengine wako kanisani, na Ijumaa adhuhuri wengine wako msikitini. Tukaishia Ijumaa baada ya swala ya Jumaa: kuanza saa nane na nusu, kumaliza saa kumi na moja kasorobo. Sabato huanza jua linapotua, na swala ya Magharibi huingia wakati huohuo, kwa hiyo kila mmoja hufika kwao kwa wakati. Wanaovuka kwa feri kwenda Likoni, ng'ambo ya kisiwa, wanahitaji nafasi hiyo zaidi, kwa maana foleni ya feri jioni haimhurumii mtu.

Angalieni pia mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka huanza mapema zaidi kwa takriban siku 11. Ukiangukia mwisho wa muhula, sogezeni funki. Kuwakalisha waliofunga pembeni huku wenzao wakila si haki. Muhula wa kwanza huisha masika yakianza, kwa hiyo pangeni tangu mapema ni madarasa gani yatatolewa madawati mvua ikishuka.

Hatua ya 3: Pesa

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka wewe usikosee.

Mwaka wangu wa kwanza tuliuza tikiti za shilingi 50. Nilidhani ni kiasi kidogo. Siku yenyewe nilimwona msichana wa kidato cha kwanza amesimama ng'ambo ya uzio wa uwanja, mkoba mgongoni, akiwatazama wenzake wakivuta kamba. Nilipomwita alisema, "Sina tikiti, Mwalimu. Nangoja dada yangu." Dada yake alikuwa ndani. Nyumbani kulikuwa na shilingi 50 moja tu ya mambo kama hayo. Nilimwingiza, lakini funki ilikuwa imebaki nusu saa, na shule nzima ilikuwa imeshamwona akiwa nje.

Tangu hapo hatuuzi tikiti. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, inakataza mtoto kunyimwa shule kwa sababu ya kushindwa kulipa michango, na mimi naona funki ya shule ni sehemu ya shule. Tunafanya hivi:

Wajumbe huuza mabuyu na juisi ya ukwaju wakati wa mapumziko kwa wiki nne. Nyumba zenye mbuyu au mkwaju hutoa matunda, sukari hununuliwa na baraza. Kila mwanafunzi pia hupewa bahasha isiyo na jina; atakaye kuchangia zaidi hutia pesa ndani yake na kuifunga. Kila bahasha hurudishwa, hata ikiwa tupu, ili asijulikane nani ametoa na nani hakutoa.

Pesa zihesabiwe na watu wawili kila siku, mweka hazina na mjumbe wa darasa jingine, waandike kwenye daftari na kutia sahihi, kisha wazipeleke kwa mhasibu wa shule kabla ya kengele ya mwisho. Mlezi asikae na pesa mfukoni hata usiku mmoja. Uaminifu wako wanaujua. Lakini siku hesabu ikipungua shilingi 100, hutaki jina lako liwe karibu nayo. Wauzaji wengi wa chakula hawatoi risiti, kwa hiyo chukueni ukurasa wa daftari, andikeni kiasi na tarehe, na muuzaji atie sahihi.

Bajeti iwe fupi. Tuseme wanafunzi ni 160 na sahani ya mtu mmoja inagharimu shilingi 40: hizo ni 6,400. Ongezeni juisi, na spika ya kukodi ikiwa hakuna mzazi mwenye yake. Mkiona haitoshi, punguzeni spika. Msipunguze sahani.

Hatua ya 4: Chakula

Viazi karai, mbaazi za nazi na mahamri. Hakuna nyama, kwa hiyo hakuna anayeuliza imechinjwa na nani, na asiyekula nyama kabisa anakula na wenzake. Nunueni kwa mama mmoja wa jirani anayepika kila siku. Kupika wenyewe kwa ajili ya watu 160 kutawanyima wajumbe funki yao.

Hatua ya 5: Ratiba, na yule anayekaa peke yake

Mkiwaachia wanafunzi wajipange, watakaa na walewale wanaokaa nao kila siku. Mlangoni kila mmoja achukue karatasi ya rangi ndani ya kikapu bila kutazama. Rangi nne, makundi manne, kila kundi likiwa na watu wa madarasa yote. Marafiki watalalamika kwa dakika kumi hivi, kisha kamba itavutwa na watasahau.

Sisi hufuata mpango huu: kuvuta kamba, kati (mchezo wa kumkwepesha mpira aliye katikati), chakula, mashindano ya bao yanayoendelea kivulini alasiri yote, halafu kujibizana kwa mashairi. Hili la mwisho ndilo naomba usiliache. Kundi moja hutoa ubeti wa mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, na kundi linalofuata hupewa dakika kumi kujibu kwa vina vilevile. Mada iwe ya shuleni: foleni ya chakula, feri iliyochelewa, hesabu za Jumatatu. Nimeona mtoto asiyezungumza darasani akizungukwa na kundi zima kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na neno la kina kilichokosekana.

Kwa wale mnaojua kwamba watajitenga hata hivyo, wajumbe wawaombe kazi ya kweli wiki moja kabla: kushika saa, kuandika pointi, kuwa mwamuzi wa bao. Iwe kazi ambayo isipofanywa mambo yatakwama. Kazi ya kubuni wataitambua mara moja na itawaumiza zaidi.

Muziki: orodha ya nyimbo imfikie mlezi Jumatano, naye azisikilize zote mpaka mwisho. Picha apige mjumbe mmoja, na zibaki shuleni mpaka wazazi wakubali zitumwe.

Hatua ya 6: Kufunga na kutoa hesabu

Dakika kumi na tano kabla ya muda, zimeni spika. Kila kundi lifagie robo yake ya uwanja. Wanaovuka Likoni watoke kwanza, wakiwa pamoja, na mjumbe anayeishi upande huo awahesabu kabla ya kuondoka.

Jumatatu kwenye gwaride mweka hazina asome hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Karatasi hiyohiyo ibandikwe ubaoni nje ya ofisi pamoja na zile kurasa za sahihi. Mwanafunzi yeyote aruhusiwe kuuliza, hata wa darasa la chini kabisa, hata kama swali ni la shilingi kumi. Ajibu mweka hazina mwenyewe. Wewe mlezi simama nyuma, mikono mgongoni, na usimsaidie.